Dunia ya kubuni: ujenge mpya, ubadilishe hii yetu, au uazime ya mwenzio?

Waandishi chipukizi wanaoniletea miswada ya fantasia mara nyingi huanza kwa kunionyesha ramani. Milima imechorwa vizuri, mito ina rangi ya buluu, falme tisa zina majina ya kukwaza ulimi, na nyuma ya ramani kuna kurasa arobaini za nani alimpindua nani. Nikiuliza, "Haya, asubuhi ya leo nani ameamka na shida gani?" mwenzangu hunitazama kana kwamba nimeuliza habari za kitabu kingine. Siwacheki. Kabatini kwangu kuna daftari lenye kalenda niliyoibuni nikiwa na miaka kumi na tisa: miezi kumi na tatu, kila mmoja na jina lake na sikukuu zake, na hakuna kiumbe hata mmoja aliyezaliwa, kuoa wala kufa ndani yake.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namtaka achague kwanza. Njia ni nne. Ya kwanza ni kubuni dunia nzima, na anga lake na bahari zake. Ya pili ni kuichukua hii tunayoishi ukabadilisha jambo moja tu. Ya tatu ni kubuni mji au wilaya ukaipachika katika nchi halisi. Ya nne ni kuazima dunia ya mwandishi mwingine. Sitazipa nafasi sawa hapa, maana kwa anayeanza hazilingani hata kidogo.

Kipimo ninachotumia

Wengi hupima dunia ya kubuni kwa ukubwa na ugeni wake: ina lugha ngapi, viumbe wangapi, historia ya miaka mingapi. Mimi hutazama inambana nani, na inambana wapi. Sheria ya dunia hiyo, iwe ya uchawi, ya mfalme au ya maumbile, ikimpata mtu ninayemjali pale anapoumia, nitaiamini hata kama sijui mji mkuu uko upande gani.

Mfano tunao nyumbani katika lugha yetu. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, Shaaban Robert aliipandisha nchi nzima angani. Muulize aliyeisoma milima ya nchi hiyo iko mingapi, au watu wake wanalima nini huko juu: hana jibu, kwa kuwa mwandishi hakushughulika na hayo. Lakini atakusimulia habari za Karama, aliyesimamishwa mbele ya baraza kwa kosa la kufundisha sheria, na za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na habari za manufaa, wakaishia kifungoni. Nchi ile ina sheria moja inayouma: anayeiletea jema jipya huadhibiwa. Hiyo peke yake imeibeba nchi nzima hewani.

Kuna na kivutio kingine, nacho ni nafasi ya msomaji mwenyewe. Dunia zinazopendwa sana humfanya ajiulize angekuwa nani humo: wa ukoo gani, wa chama gani cha mafundi, upande gani wa mto. Na huwa zina chumba kisichofunguliwa. Mhusika anataja kwa haraka "tangu yale ya kisimani", wenzake wananyamaza, hadithi inaendelea. Msomaji atakikumbuka kisima kile kuliko sura nzima ya maelezo. Waandishi wapya hukifungua kila chumba na kuwasha taa, wakidhani wanafanya ukarimu.

Dunia nzima toka mwanzo

Hapa kuna uhuru wote, na gharama yote. Tuseme nimeamua sayari yangu iwe na miezi miwili. Rasimu ya kwanza ya mtu yeyote, yangu ikiwemo, hutoka hivi:

"Sayari ya Dhurani ina miezi miwili, Kuru na Ndele. Kuru huizunguka kwa siku 21 na Ndele kwa siku 54. Wakazi wake ni wavuvi."

Ni somo la jiografia, na hakuna aliyejiandikisha darasani. Sasa hiyo hiyo miezi, kutoka ndani ya nyumba:

"Bibi alihesabu tena kwa vidole. Kuru leo, Ndele kesho, usiku wa keshokutwa yote miwili mstari mmoja. Akalibeba godoro la mtoto, akalipandisha darini. 'Mara ya mwisho maji yalifika wapi?' mkaza mwanawe akauliza. Bibi hakujibu. Aliugusa ukuta, juu kidogo ya kichwa chake."

Kila aliyekaa pwani anajua kwamba maji kujaa na kupwa yanatokana na mvuto wa mwezi na wa jua, na kwamba bamvua, yale maji makubwa kuliko ya kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pale jua, mwezi na dunia vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo msomaji hahitaji kuelezwa kwa nini miezi miwili kwa pamoja ni hatari. Godoro limeshamweleza.

Lakini tazama bei yake. Nilipomaliza kipande hicho nilichukua kalamu nikakokotoa: mwezi wa siku 21 na mwezi wa siku 54 hukutana upande mmoja kila baada ya siku 34 hivi. Maji ya kufika kichwani kila siku 34? Hakuna mtu angejenga pwani hiyo, na bibi asingehitaji kuulizwa yalifika wapi. Ikabidi niamue kwamba gharika kubwa huja pale tu jua nalo linapoingia kwenye mstari huo huo, jambo la nadra zaidi, na mambo mengine mawili niliyokwisha kuyaandika yakabadilika. Hiyo ni kwa aya moja, na nilikuwa bado sijafika kwenye chakula, dini, mirathi wala matusi. Kwenye dunia nzima ya kubuni hakuna kitu cha bure, hata salamu ya asubuhi lazima uilipie.

Ndiyo maana mfano wa J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyeandika The Lord of the Rings, huwapoteza watu. Wanaiona ramani, wanaona lugha, wanasema nami nitafanya hivyo. Yule alikuwa msomi wa lugha kwa kazi, lugha zake alizibuni kwanza na hadithi zikafuata, na hekaya zake alizianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Riwaya yake hiyo kubwa ilitoka kati ya 1954 na 1955. Hesabu miaka mwenyewe kabla hujaanza kubuni sarufi.

Upande huu, hata hivyo, sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna silaha ambayo wengi wanaiacha ikiota kutu: ngeli. Mwandishi wa lugha isiyo na ngeli akibuni neno, lazima aeleze kitu hicho ni nini. Sisi upatanisho unatufanyia kazi. Chukua neno lisilo na maana, "dolu". Nikiandika "dolu lilipasuka," umeona kitu. Nikiandika "dolu ulikuwa umechanua," umeona mmea. Nikiandika "dolu alinitazama," umerudi nyuma hatua moja. Na unaweza kuupindua upatanisho kwa makusudi kwenye neno linalojulikana: "Lango lilifunguka taratibu" haimshtui mtu. "Lango alifunguka taratibu" ni sentensi ya kutisha, na hujaandika hata neno moja la uchawi. Ukiifanya mara moja kwa hadithi nzima, pale panapostahili, dunia yako imepata roho. Ukiifanya kila ukurasa, mhariri atadhani hujui sarufi.

Dunia hii hii, jambo moja limebadilika

Njia hii ndiyo ninayoipenda kwa anayeanza, na sifichi upendeleo wangu.

Chukua badiliko hili: jua likishazama, hakuna mtu anayeweza kusema uongo mpaka lichomoze. Mengine yote yako kama yalivyo. Sasa kaa kitako ufuatilie. Wafanyabiashara wanafunga maduka mapema, hakuna anayetaka kuulizwa saa mbili usiku bei aliyonunulia. Mahakama zinahamia usiku, na mawakili wanaomba kesi zisikilizwe adhuhuri. Wanasiasa wanahutubia mchana kweupe. Mgeni mwenye adabu anaaga kabla ya magharibi, ili mwenyeji wake asije akaulizwa kama amechoka naye. Wachumba wanakutana asubuhi. Na ndoa zilizodumu miaka arobaini, je? Ama ni za watu wanaoaminiana kupita kiasi, ama ni za watu waliojifunza kulala mapema.

Nimetumia aya moja, na tayari hadithi tatu zinagonga mlango. Mke alikuwa anamngoja mumewe, mume amerudi saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na mke anavuta maneno taratibu huku akilitazama dirisha. Hapo hakuna cha kueleza. Msomaji anajua jua ni nini, ndoa ni nini, anajua na kuvuta maneno. Kazi yote ya kujenga dunia imeshafanywa na dunia yenyewe. Wewe umehamisha tofali moja tu.

Utamu mwingine uko kwenye matokeo ya mbali, yale ambayo mwandishi mvivu hayafikii. Karibu na ncha ya kaskazini jua halizami kwa majuma mengi wakati wa majira ya joto, na kwenye ncha yenyewe linakaa juu ya upeo kwa karibu miezi 6. Kumbe basi kuna mahali ambapo mtu anaweza kusema uongo nusu mwaka bila kukatizwa. Nani atanunua nyumba huko? Na majira ya baridi yakiingia, giza lisilokatika likatua, ni nani atabaki na nani atapanda ndege ya kwanza? Sijaibuni ardhi hata kidogo, nimeifuata sheria yangu mpaka mwisho wa ramani ya kawaida, na imenipa mji mzima wa matapeli wenye msimu wa kuhama kama ndege.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haikuruhusu kusahau. Barua iliyoandikwa mchana ikisomwa usiku, je? Mtu anayesema asilolijua kuwa ni uongo? Mwigizaji jukwaani? Ukikwepa maswali haya, msomaji atayauliza yeye, na hadithi itaanza kuvuja. Pia inachoka mapema kuliko dunia nzima: badiliko moja linatosha riwaya moja, pengine mbili. Anayeota mfululizo wa vitabu kumi atajikuta akiongeza badiliko la pili, la tatu, na hapo ameshahamia njia ya kwanza bila kufunga mizigo.

Mji usiokuwepo katika nchi iliyopo

Nitapita haraka hapa, maana wengi wetu tunaifanya bila kuipa jina. Mwandishi wa Kiingereza Thomas Hardy alilifufua jina la ufalme wa kale, Wessex, akaligeuza kuwa eneo la riwaya zake kuanzia 1874. Mji wa Dorchester ukawa Casterbridge, na wasomaji wakaanza kuutafuta mmoja ndani ya mwingine. Mmarekani William Faulkner alibuni kaunti nzima huko kwao Mississippi, na katika riwaya ya mwaka 1936 akaichorea ramani, akaandika idadi ya wakazi wake, wote pamoja 15,611, kisha akajitaja kuwa ndiye mmiliki wake pekee. Kila mara ninapoukumbuka utani huo natabasamu, maana una ukweli ndani yake: hakuna wa kumwambia kwamba barabara ile haipiti pale.

Faida kubwa ni hiyo. Unaandika juu ya watu unaowajua, kwa lafudhi unayoijua, na hakuna jirani atakayekuja na kitabu mkononi kudai kwamba yule mlevi wa sura ya tatu ni yeye. (Atakuja tu. Lakini utakuwa na la kujibu.) Msomaji naye hupata raha ya kurudi: kitabu cha pili anakuta duka lile lile, mwenye duka amezeeka, mwanawe ameshika kaunta. Raha hiyo hukua polepole na hudumu sana. Kasoro yake ni kwamba mji wa kubuni usiotofautiana kwa lolote na mji halisi haujibu swali la kwa nini ulibuniwa. Kama umebadilisha jina tu kwa woga, msomaji anaunusa woga huo.

Kuazima

Hadithi za mashabiki hudharauliwa na watu ambao hawajawahi kujaribu kuandika mazungumzo mazuri. Kwa mazoezi, sijui shule iliyo nafuu kuliko hiyo. Wahusika wapo, dunia ipo, wasomaji wameshakaa wanangoja. Kilichobaki ni wewe kujifunza kuingia kwenye tukio, kulikoleza, na kutoka kabla halijapoa. Na makosa utaambiwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mashabiki huijua dunia ile kuliko wewe, wakati mwingine kuliko mwenyewe aliyeibuni.

Tatizo ni umiliki. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi ya mwandishi kwa uchache maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika 70. Kuandika kwa mapenzi ni jambo moja, kuuza ni jambo jingine. Ukitaka kuuza, azima kwa wasio na mwenyewe tena: hadithi za mwisho za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kubuni, ziliingia kwenye mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2023. Au azima kwa wasiowahi kuwa na mwenyewe. Abunuwasi hana wakili, wala sungura na fisi hawana.

Bado kuna jambo moja linaloniuma katika kuazima: pendo la msomaji si lako. Akimaliza kusoma, anamkumbuka mhusika na kumsahau aliyemsogeza. Ukishajua kusogeza watu, ondoka hapo.

Uchague ipi, basi?

Inategemea unachokifurahia ukiwa peke yako na karatasi. Kama unafurahia kubuni kwenyewe, majina, kalenda, sarufi, nenda njia ya kwanza bila aibu, ila kubali kwamba huenda ukawa na dunia ya faragha kwa miaka mingi. Si jambo la fedheha. Ndugu wanne wa familia ya Brontë ya Uingereza, iliyotoa waandishi mashuhuri, walianza mwaka 1826 na wanasesere wa askari, wakawajengea nchi, vita na magazeti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo mno kwenye vijitabu vya kukaa kiganjani. Emily na Anne walikuwa na kisiwa chao, Gondal; hadithi zake za nathari zimepotea, yamebaki mashairi. Riwaya za Charlotte na Emily zilizotoka 1847 ziliwekwa Uingereza, kwenye baridi na upepo waliokulia ndani yake. Sidhani kama miaka ile ya utotoni ilipotea. Walijifunza humo namna watu wanavyotaka vitu, na walipofika kwenye nchi halisi walikuwa tayari wana mkono mwepesi.

Kama unachokifurahia ni swali la "ingekuwaje kama", chukua njia ya pili, na uandike kwanza hadithi fupi ya kurasa kumi. Ikikataa kuisha, unayo riwaya. Kama unafurahia watu, namna wanavyosengenyana na kusameheana, usijisumbue na miezi miwili. Buni mji wako, uupe barabara moja na kisima kimoja. Na kama hujawahi kumaliza hadithi yoyote maishani mwako, azima. Kumaliza ni ufundi, na haufundishiki kwenye ramani.

Mwenye haraka ya kupata wasomaji aondoe njia ya kwanza kabisa. Mwenye subira na asiyeogopa hesabu asiiguse ya nne. Njia ya tatu ndiyo inayosamehe zaidi mwandishi akikosea, na ya pili ndiyo inayomfichua mapema zaidi, jambo ambalo kwa mwanafunzi naliona ni zuri.

Lile daftari langu la miezi kumi na tatu bado ninalo, na juzi nililifungua baada ya miaka mingi. Mwezi wa nane, niliouita Mshindo, ulikuwa na sikukuu mbili na kurasa tupu. Nimemweka humo fundi seremala aliyekopa fedha, akaahidi kulipa siku ya mwisho ya Mshindo. Kisha nikamweka mfalme mzee asiyeupenda mwezi huo, kwa kuwa ndio aliofiwa na mkewe, na leo asubuhi ametangaza kwamba umefutwa kwenye kalenda: baada ya mwezi wa saba watu wahesabu wa tisa. Seremala anaimba karakanani. Mdai wake amesikia tangazo akiwa sokoni, ameacha kapu lake chini, na sasa anakuja.